Mtihani Mmoja kwa Mashine Nyingi

Somo ninalotaka kulieleza lina jina geni, lakini maana yake si ngeni kwetu. Sote twaijua taabu ya mtihani. Mwanafunzi huuogopa mtihani kwa sababu anapimwa, lakini ni mara chache tunajiuliza kama mtihani wenyewe umepimwa. Je, swali lililotungwa mahali fulani, kwa vyombo vya mahali hapo, laweza kumpima kwa haki mtu wa mahali pengine mwenye vyombo vingine? Swali hili limewasumbua hata mafundi wa kompyuta, nao wamelitafutia majibu kwa zaidi ya miaka 30. Majibu yao yatufaa sisi wanafunzi, walimu wetu na hata wazazi wetu. Kwa hiyo nitayaeleza kwa utaratibu.

1. DIBAGA NI KITU GANI?

Kompyuta ni mtumishi asiyechoka, lakini haijui kama umeiagiza vibaya. Ukiandika programu yenye kosa, italifuata kosa lile kwa utii uleule. Kosa la namna hii Waingereza na Wamarekani huliita mdudu. Neno hilo ni la zamani, ila lilipata sifa zaidi tarehe 9 Septemba 1947, pale mafundi wa mashine iliyoitwa Harvard Mark II huko Marekani walipomkuta nondo halisi amenaswa ndani ya mashine, wakambandika katika daftari lao la kazi. Programu ya kusaidia kuwatoa wadudu hao ndiyo huitwa dibaga.

Dibaga huisimamisha programu katikati ya safari yake. Wewe huweka kituo katika mstari fulani wa programu, na programu ikifika hapo husimama, kama vile basi lisimamavyo Segera. Ikiwa imesimama, waweza kuiuliza: “Sasa umeshika namba gani? Umetoka wapi? Unakwenda wapi?” Kisha waiambia iende hatua moja, isimame tena, hata ulione kosa kwa macho yako.

Dibaga mojawapo maarufu ni GDB, ambayo Bw. Richard Stallman wa Marekani aliiandika mwaka 1986. Hutolewa bure, na kila mtu ana ruhusa ya kuisoma na kuitengeneza. Nyingine ni LLDB, iliyotolewa kwa watu wote mwaka 2010.

Sasa fikirini jambo hili. Dibaga nayo ni programu, na yaweza kuwa na kosa. Kipimajoto kibovu chaweza kumfanya daktari amtibu mtu mzima na kumwacha mgonjwa. Vivyo hivyo dibaga mbovu humfanya mwandishi wa programu alirekebishe lililo sawa na kuliacha lililoharibika. Ndiyo maana watunzaji wa dibaga huwa na mkusanyo mkubwa wa majaribio. Kwa GDB majaribio hayo ni makumi ya maelfu. Kila mtu abadilipo kitu katika dibaga hupaswa kuyaendesha, ili aone kama hakuharibu kilichokuwa kizima.

2. MASHINE HAZIFANANI

Kama kompyuta zote zingefanana, hadithi ingeishia hapa. Lakini hazifanani. Prosesa ya kompyuta ya mezani si ndugu wa prosesa iliyo ndani ya simu. Nyingi za mezani zina prosesa za ukoo wa Intel, na simu karibu zote zina prosesa za ukoo wa ARM. Nitataja tofauti nne tu.

Ya kwanza ni mpangilio wa baiti. Namba 258 haiingii katika baiti moja, kwa kuwa baiti moja huishia 255. Hugawanywa kuwa 1 na 2, yaani 256 mara moja, kisha mbili za ziada. Mashine nyingine huandika 1 kwanza kisha 2. Nyingine huandika 2 kwanza kisha 1. Ukiyasoma maandishi ya mashine ya pili kwa desturi ya mashine ya kwanza, utapata 2 mara 256 na kuongeza 1, yaani 513.

Ya pili ni ukubwa wa vyombo. Katika lugha ya C kuna namba ya aina iitwayo long. Katika Linux ya biti 64 huchukua baiti 8, na katika Windows ya biti 64 huchukua baiti 4. Jina ni lilelile, na kipimo ni kingine.

Ya tatu ni anwani. Kila kitu ndani ya kompyuta kina mahali pake katika kumbukumbu, na mahali hapo huwa na namba. Programu ileile ikiwekwa katika mashine nyingine, au hata katika mashine ileile siku ya pili, anwani zaweza kuwa nyingine kabisa.

Ya nne ni uwezo wenyewe. Prosesa za ukoo wa Intel zina rejista 4 za kulinda kumbukumbu. Waweza kuiambia mashine, “Nijulishe mara tu namba hii itakapobadilika,” nayo ikafanya hivyo bila kupunguza mwendo. Mashine nyingine ndogo hazina kipawa hicho hata kidogo.

3. MFANO WA MAFUNGU YA MKONGE

Hapa Kabuku, ukisimama kando ya barabara kuu itokayo Segera kwenda Chalinze, huhitaji kuambiwa mkonge ni nini. Baba yangu ni mkata mkonge, na wengi wenzangu ni watoto wa wakata mkonge. Mtu hulipwa kwa kazi aliyoikata, kwa hiyo hesabu ya mafungu ndiyo chakula cha nyumbani. Kwa sababu hiyo mwalimu wetu wa Chama cha Kompyuta alichagua mfano wa mafungu alipotupa zoezi hili.

Alituandikia programu fupi yenye mstari huu:

char mafungu = 200;

Aina iitwayo char hukaa katika baiti moja. Tuliagizwa kuiendesha programu hiyo katika mashine mbili, kuisimamisha kwa GDB baada ya mstari ule, kisha kuuliza mafungu ni mangapi. Mashine ya kwanza ilikuwa kompyuta ya mezani yenye prosesa ya ukoo wa Intel. Ya pili ilikuwa Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoenea katika kiganja, yenye prosesa ya ukoo wa ARM. Zote mbili zilitumia Linux. Katika karatasi ya majaribio mwalimu alikuwa ameandika: “Jibu linalotakiwa: 200.”

Ile ndogo ilijibu 200. Kompyuta ya mezani ilijibu -56.

Chama kikagawanyika. Wengine walisema dibaga ya kompyuta ya mezani ni mbovu, ikafutwe na kuwekwa nyingine. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu akasema afadhali swali lifutwe katika karatasi, maana linaleta ugomvi. Mwalimu akasema maneno machache tu: “Kabla ya kumhukumu mtu, itazameni baiti yenyewe.”

Tukaitazama. Katika mashine zote mbili baiti ilikuwa ileile, 11001000. Hapakuwa na tofauti hata ya biti moja. Tofauti ilikuwa katika kuisoma. Kanuni za lugha ya C zimeiachia kila mashine hiari ya kuamua kama char ina namba za chini ya sifuri au haina. Katika Linux ya ukoo wa Intel, char huanzia -128 na kuishia 127, kwa hiyo 200 husomeka kama 200 kutoa 256, yaani -56. Katika Linux ya ukoo wa ARM, char huanzia 0 na kuishia 255, kwa hiyo 200 hubaki 200.

Basi nani aliyekosea? Dibaga haikukosea. Kazi yake ni kusema kile ambacho mashine inakijua, nayo ilisema kweli mara mbili. Lililokosea ni swali, kwa kuwa lilitaka jibu moja mahali ambapo kweli ni mbili. Lakini zoezi hili lilitufunulia na jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Tuseme karani ameiandika programu ya mafungu katika ile mashine ndogo, akaiona inafaa, kisha akaipeleka katika kompyuta ya ofisini. Mtu aliyekata mafungu 200 angeandikiwa upungufu wa 56. Angekwenda kudai haki yake, naye angeonyeshwa karatasi iliyochapwa vizuri na kuambiwa kwamba kompyuta haikosei. Kwa hiyo yule aliyetaka kulifuta swali angetuondolea ugomvi na kutuachia hasara.

4. NAMNA YA KULITENGENEZA SWALI

Mwalimu alitutaka tutafute dawa. Zilitolewa tatu, nami nitazieleza zote, maana moja yao ni dawa ya uongo.

Dawa ya uongo ni kuandika: “Jibu linalotakiwa: 200 au -56, lolote.” Kwa kuitazama yaonekana ni ya haki, maana mashine zote zitafaulu. Lakini siku dibaga ya kompyuta ya mezani itakapoharibika kweli ikasema 200, jaribio litaipitisha bila kujua. Mtihani unaompitisha kila mtu haumpimi mtu yeyote.

Dawa ya pili ni kuondoa utata katika swali lenyewe. Badala ya kuandika char peke yake, tuandike unsigned char, maana yake namba isiyo na upande wa chini ya sifuri. Hapo 200 ni 200 kila mahali. Kisha tuongeze swali la pili lenye signed char, ambalo jibu lake katika mashine zetu zote mbili ni -56. Sasa tuna maswali mawili ambayo maana yake haibadiliki.

Dawa ya tatu hutumika pale utata usipoweza kuondolewa. Tuiulize mashine kwanza: “Je, char yako ina namba za chini ya sifuri?” Ikijibu ndiyo, twatazamia -56 na si kingine, ikijibu hapana, twatazamia 200 na si kingine. Kila mashine hupewa jibu moja tu, nalo ni lile la kweli kwake.

5. KAZI YA WAKUBWA WETU

Mambo haya hatukuyavumbua sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Cygnus ya Marekani ilikuwa ikitengeneza kampaila na dibaga kwa wateja wenye mashine za kila namna. Haikuwezekana kutunga mtihani mpya kwa kila mashine. Hapo Bw. Rob Savoye akatengeneza chombo kiitwacho DejaGnu, ambacho hata leo ndicho huendesha majaribio ya GDB. Chombo hicho hujifanya kama mtu aliyekaa mbele ya dibaga: huandika swali, hungoja jibu, husoma jibu, kisha hutoa hukumu. Nimejifunza kwake kanuni nne.

Kanuni ya kwanza: Uliza kitu, usiulize mavazi yake. Tuseme jaribio linataka programu isimame pale inapojumlisha. Mtungaji mvivu ataandika, “Simama mstari wa 27.” Kesho mtu akiongeza mstari mmoja juu, jaribio litaanguka bure. Katika majaribio ya GDB mtungaji huweka maneno ya alama pembeni ya mstari anaoutaka, na jaribio huitafuta alama hiyo lenyewe na kujua namba ya mstari wakati huo. Kadhalika anwani haiandikwi namba kwa namba, husemwa tu, “Hapa pawepo namba ya anwani, yoyote iwayo.” Linalopimwa ni kwamba dibaga ilisimama mahali panapotakiwa.

Kanuni ya pili: Mambo ya mashine yaandikwe katika karatasi ya mashine. Katika DejaGnu kila mashine ina karatasi yake. Humo huandikwa namna ya kuifikia, namna ya kupakia programu, kama yaweza kuonyesha maandishi, na ingojewe kwa muda gani. Mashine ya mwendo wa kobe hupewa sekunde zaidi, na hilo si upendeleo, maana hatupimi mbio. Majaribio yenyewe hayajui yako katika mashine gani. Ikija mashine mpya, huandikwa karatasi moja mpya, na maelfu ya majaribio hubaki kama yalivyo.

Kanuni ya tatu: Usiandike mtihani kwa lafudhi ya mashine moja. Ili dibaga ielewe programu, husoma ramani inayotengenezwa na kampaila. Zamani, aliyetaka kujaribu ramani ya namna ya pekee aliiandika kwa lugha ya prosesa moja, mara nyingi ya ukoo wa Intel, na jaribio likawa halisafiri. Mwaka 2013 watu wa GDB waliongeza njia ya kuieleza ramani kwa maneno ya jumla, kisha chombo chenyewe huitengeneza ramani inayofaa mashine iliyopo.

Kanuni ya nne: Kubalianeni lugha ya kujibiana. Hii yatuhusu sana sisi Waswahili. Majaribio ya GDB husoma maneno yanayotoka katika dibaga, na maneno hayo ni ya Kiingereza. Lakini programu zaweza kutafsiriwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelekezo ya Kiswahili, nasi twajivunia. Sasa fikirini dibaga inayosema “kituo cha kwanza” kwa Kiswahili fasaha, na mtihani unaongoja neno la Kiingereza. Dibaga itaanguka kwa sababu ya lugha, ingawa kazi yake ni nzima. Ndiyo maana GDB, kabla ya kuanza majaribio, huiweka mashine katika lugha ya msingi iliyokubaliwa, kisha ikimaliza kila mtu hurudi katika lugha yake. Mwenye kupima hana budi kujua kama anapima kazi au anapima lugha.

6. MAJIBU HAYAWI MAWILI TU

Sisi tumezoea kwamba mtu hufaulu au hushindwa. DejaGnu yajua majibu zaidi, nami nitayataja kwa Kiswahili:

Imefaulu: mashine imetoa jibu linalotakiwa.
Imeshindwa: mashine imetoa jibu lisilotakiwa, nasi hatujui sababu. Sharti atafutwe mwenye kosa.
Ilitarajiwa kushindwa: kosa lajulikana, nalo haliko katika dibaga; liko katika kampaila au katika mfumo wa mashine.
Kosa letu linalojulikana: kosa liko katika dibaga yenyewe, nalo limeandikwa katika daftari la makosa na kupewa namba.
Haiwezekani hapa: mashine haina chombo kinachoulizwa.
Haikujaribiwa: swali lipo, lakini halikuulizwa.
Haijulikani: jaribio lilikatika kabla ya hukumu.

Tazameni uungwana ulio katika orodha hii. Mashine isiyo na rejista za kulinda kumbukumbu haiambiwi “umeshindwa” kwa sababu ya kukosa kitu ambacho haikupewa. Lakini pia haiambiwi “umefaulu.” Huambiwa kweli, yaani haiwezekani hapa. Na watunzaji wa dibaga nao hawapewi nafasi ya kulificha kosa lao chini ya jina la mashine, maana kosa letu na kosa la wengine yametengwa.

7. HATARI YA KUSAMEHE KUPITA KIASI

Iko hatari moja ambayo sharti niitaje. Jibu la “haiwezekani hapa” ni tamu kwa mtu mvivu. Jaribio likimsumbua katika mashine fulani, huandika juu yake “lirukwe katika mashine hii,” basi ataona amani. LLDB, ambayo majaribio yake mengi yameandikwa kwa lugha ya Python, ina vibandiko vya namna hiyo: mtungaji aweza kuandika juu ya jaribio kwamba lirukwe katika Windows au katika mfumo mwingine. Kibandiko kikitaja sababu ya kweli, ni msaada. Kikiwekwa kwa sababu ya uchovu, ni pazia. Ni bora kusema “lirukwe pasipo na rejista za kulinda” kuliko kusema “lirukwe katika mashine fulani,” maana mashine ile yaweza kupata rejista hizo mwakani, na kibandiko kikabaki kikidanganya.

Ulimwengu umekwisha kulipa gharama ya jambo hili. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Ndani yake mlikuwa na programu ya uongozi iliyochukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Lakini Ariane 5 ilikuwa na njia nyingine na mwendo mkubwa zaidi. Namba moja ya biti 64 ilitakiwa kuhamishwa katika chombo cha biti 16, ambacho mwisho wake ni 32,767. Haikuenea. Programu ya uongozi ikazimika, na baada ya sekunde 40 hivi tangu kuanza kuruka, roketi ikavunjika angani. Programu ile haikuwa imejaribiwa kwa safari ya roketi mpya. Wasomaji mtaona kwamba ni ndugu wa kosa la mafungu yetu: mzigo mkubwa katika chombo kidogo, na imani kwamba kilichofaa kule kitafaa na huku.

8. MAABARA YETU

Walimu wa Fizikia watanisamehe nikichukua mfano wao. Katika jaribio la timazi twatafuta mvuto wa dunia. Shule moja ina gololi ya chuma, nyingine ina jiwe lililofungwa uzi. Mmoja hutumia uzi wa mita 1, timazi yake huchukua sekunde 2.01 kwenda na kurudi. Mwingine hutumia uzi wa sentimita 50, yake huchukua sekunde 1.42. Msahihishaji akitaka kila mtu aandike 2.01, mwenye uzi mfupi ataanguka, ingawa amepima vema. Akitaka mvuto wenyewe, wote wawili watapata karibu 9.8. Tena msahihishaji mwenye busara huacha nafasi ndogo, kwa kuwa mvuto huo ni kama 9.78 katika ikweta na 9.83 katika ncha za dunia. Ni nafasi ndogo, lakini si mlango wazi: atakayeleta 7 ameshindwa, awe na gololi au awe na jiwe.

Huo ndio moyo wa somo langu. Kuna watu wanaodhani kwamba haki ni kumpa kila mmoja swali lilelile neno kwa neno. Wengine wanadhani kwamba huruma ni kumpunguzia swali yule mwenye vyombo duni. Mafundi wa dibaga wamechagua njia ya tatu, nayo ni ngumu kuliko zote mbili: kujua hasa ni kitu gani unachokipima, kukidai kitu hicho kwa ukali kila mahali, na kuyaacha yote mengine yawe huru. Mashine ndogo isidharauliwe kwa kuwa ndogo, wala isipewe sifa isiyo yake.

Kwa wazazi wetu nasema hivi. Siku hizi hesabu zenu nyingi zimo katika mashine: mishahara, pembejeo, fedha zinazotumwa kwa simu. Simu iliyo mkononi mwa mama kijijini si ile iliyo mezani kwa mwandishi wa programu mjini. Msiogope kuuliza, “Je, hii imejaribiwa katika simu ya namna yangu?” Ni swali la busara, na fundi mwema hatalichukia. Na kwa wenzangu mnaopenda kompyuta: programu yenu ikifaa katika mashine moja, msishangilie bado. Itafuteni ya pili isiyofanana nayo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Baiti ya 11001000 husomeka namba gani katika mashine yenye char isiyo na namba za chini ya sifuri? Na katika ile yenye nazo?
2. Namba 770 igawanye katika baiti mbili. Je, mashine inayosoma kwa mpangilio wa kinyume itaona namba gani?
3. Kwa nini si vema kuandika “200 au -56, lolote” katika karatasi ya majaribio?
4. Eleza tofauti ya “haiwezekani hapa” na “haikujaribiwa.” Toa mfano mmoja kutoka maabara ya shule.
5. Chagua swali moja la mtihani uliopita wa somo lolote. Je, lapima kitu chenyewe au mavazi yake? Litengeneze upya, kisha umwonyeshe mwalimu wako.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Chama cha Kompyuta, Kabuku